Maji ya Ngoye

Wasichana wa Kasongo wa zama zile walijua njia moja ambayo hata mmoja wao hakuwahi kuikanyaga. Ungewauliza: ukitoka mlangoni unakuta nini? Wangekujibu, migomba minne, mmoja umeinama. Ukiipita migomba? Kichuguu chenye tundu ubavuni. Halafu? Mkuyu. Waliijua kuliko njia ya kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya baba zao, na waliijua kwa kufumba macho, wamelala chali juu ya mkeka, jiwe la moto limewakaa tumboni. Aliyewapitisha humo alikuwa mwanamke mmoja wa nyumba ya Bwana Zuberi, jina lake Faida.

Sasa msinikatize. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya wanawake, hayasimuliwi mbele za watu. Anayeona haya aende akaangalie mpunga wake, ndege wasije wakaumaliza. Sisi wengine tulizaliwa na wanawake, na wanawake hao walikuwa na siku zao za mwezi, na siku hizo wengine ziliwauma mpaka wakauma mkeka. Hata waungwana wa Kasongo, na kanzu zao nyeupe, waliwasikia binti zao wakilia uani wakajifanya wanahesabu tasbihi.

Faida si jina alilopewa na mama yake. Alipewa uani kwa Bwana Zuberi siku alipofika, mtoto wa miaka tisa au kumi, miguu imevimba, kichwa kimenyolewa, na kila mtu anajua ni watoto wa namna gani walioitwa Faida. Jina lake la kwanza lilikuwa Bilonda. Hilo hakumwambia mtu. Alilifungia moyoni, maana aliona kila kingine alichokuja nacho kimekwisha kuchukuliwa.

Aliletwa kutoka upande wa Kabambare, nchi ya Wabangubangu, katika miaka ile misafara ya pembe ilipoanza kupita huko kwa wingi. Ili mjue kwa nini alikuwa alivyokuwa, lazima niwaambie jinsi alivyokamatwa, na habari hiyo inaanza na tumbo la dada yake.

Dada huyo aliitwa Ngoye. Mwaka ule alikuwa amevunja ungo, na kila mwezi chango la siku zake lilimlaza siku nzima. Walikaa kwa bibi yao, mama wa mama yao, ambaye kwao walimwita Nkambo. Nkambo alikuwa na dawa yake, wala haikuwa ya kunywa. Alichukua jiwe la mtoni, laini, la ukubwa wa kiganja, akalipasha kando ya moto, akalifunga katika kiramba, kile kitambaa cha nyuzi za mti wa mwale, akaliweka chini ya kitovu cha Ngoye. Kisha akaanza kusema, polepole, kwa sauti ya mtu asiye na haraka ya kupika.

"Tunakwenda mtoni, mimi na wewe. Tunatoka mlangoni. Vidole vya miguu vinagusa umande. Viache vilowe."

Kila mahali pa njia ile palikuwa na kiungo chake. Mlangoni Ngoye alilegeza vidole. Kwenye migomba alilegeza magoti, kwenye kichuguu nyonga, chini ya mkuyu tumbo lote. Pumzi aliivuta kwa pua mpaka jiwe linyanyuke, akaitoa kwa mdomo mpaka jiwe lishuke, na hatua nyingine haikupigwa kabla jiwe halijatulia. Walipofika majini kwa maneno, Ngoye alipewa maji ya kweli, ya baridi, yaliyochotwa dakika ileile. Akiyanywa, chango hulegea. Halikuondoka, lakini lililegea, na mtoto akapata usingizi.

Mchota maji alikuwa Bilonda. Nkambo akifika kwenye mkuyu alimkonyeza, na mtoto alikamata kibuyu akakimbia. Kwa hiyo maneno ya baada ya mkuyu hakuyasikia hata siku moja. Yalipokuwa yakisemwa ndani, yeye alikuwa huko nje, anaipita njia ileile kwa miguu yake.

Na alikuwa na ila moja, msichana huyu: uzembe wa njiani. Ukimtuma chumvi, inafika mboga imeshaliwa. Kwao walimzoea, wakawa wanamcheka. Siku ile Nkambo hakucheka, kwa sababu Ngoye alikuwa amejikunja na jasho linamtoka.

"Leo usichelewe," alimwambia. "Mwenzio anaumia kweli."

"Sichelewi, Nkambo."

Akakimbia. Akafika chini ya mkuyu, akakuta makuyu yameiva, yameanguka, mekundu. Akaokota moja. Tamu. Akaokota la pili, akaketi kabisa na kibuyu chake kando, akala mpaka mikono ikanata. Ndipo akakumbuka alikotumwa, akateremka mbio mpaka kwenye matete. Ndani ya matete walikuwamo watu wenye bunduki, wamekaa kimya, wanawangoja wachota maji. Walimziba mdomo. Kibuyu kikabaki kwenye tope, na siku kumi baadaye yeye alikuwa Kasongo anaitwa Faida.

Mtu akichukuliwa hivyo, mtadhani analilia mama, analilia nyumba. Alivilia, ndiyo. Lakini kilichomla kila siku kilikuwa kingine: kwao walisema nini? Ngoye alilala pale na midomo mikavu, anangoja maji. Maji hayakufika. Je, walisema Bilonda ameona makuyu, amemsahau dada yake? Walimkasirikia? Na hasira hiyo ilikwisha lini, au haikwisha? Faida hakutaka mume, hakutaka shanga. Alitaka mtu mmoja tu atakayemwambia walisema nini.

Basi alikua. Alitwanga mpunga, alichota maji, alibeba kuni, aliamkia kila asubuhi "shikamoo, Bi Mkubwa", akajifunza kusuka mikeka na kusema kama watu wa Kasongo. Binti wa nyumba hiyo, Amisa, alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu minne. Amisa alipovunja ungo, walimpikia, walimpamba, wanawake wakapiga vigelegele. Mwezi wa pili yake hakuna aliyepiga kigelegele. Chango lilimtupa chini. Walimpa tangawizi. Walimwandikia kombe akalinywa. Walimfukiza. Bi Mkubwa, mama yake, alimwambia avumilie, ndio uanamke huo, na kumwambia mtu avumilie ni kazi rahisi sana kwa asiyeumwa.

Faida alikuwa nje kwenye kinu. Alisikia meno ya Amisa yanasagana. Akaweka mchi chini, akaokota jiwe moja katika yale yaliyozuia mlango wa banda la kuku, akaliosha, akalipasha, akalifunga kwa kipande cha kanga kuukuu, akaingia.

"Nani amekuita?" Bi Mkubwa akauliza.

"Hakuna aliyeniita, Bi Mkubwa. Nipe ruhusa. Kama halikumsaidia utanipiga."

Bi Mkubwa alikuwa amechoka kiasi cha kukubali chochote. Faida akapiga magoti kando ya mkeka, akaliweka jiwe, akaweka na mkono wake juu.

"Amisa, umelikaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa," alisema. "Hakuna anayekupiga. Taya hilo nalo, lifungue. Sasa vuta pumzi, tulinyanyue jiwe, mimi na wewe."

Akaanza njia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa sauti toka aondoke kwao, na kwa lugha ambayo Nkambo hakuijua. Mlango. Migomba. Kichuguu. Chini ya mkuyu alisita. Maneno ya Nkambo yaliishia hapo, lakini miguu yake ilikumbuka mbele, basi akamteremsha Amisa mpaka kwenye matete. Hapo alisimama. Aliyaona matete yale kabisa, na waliokuwamo.

"Hapa tunarudi," alisema.

"Na maji?" Amisa aliuliza, macho yamefumba, uso umeanza kulegea.

"Leo hakuna maji. Tunarudi polepole. Mkuyu huo tena. Unauona?"

Amisa alilala kabla hawajafika kwenye migomba. Mwezi uliofuata Bi Mkubwa mwenyewe alikwenda kumwita Faida kwenye kinu, na mwezi wa tatu jirani akaja na binti yake. Hivyo ndivyo mjakazi wa kutwanga mpunga alivyogeuka somo, mwalimu wa mambo ya kike, kwa wasichana wa mji mzima, akaitwa Somo Faida hata na wake za wakubwa, ambao zamani walimwita kwa kupiga makofi.

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa mkali, hasa kwa akina mama. Mama akimwambia binti "nyamaza, watu wanasikia", Faida alimtoa nje. "Akiguna aache agune, ni pumzi inatoka. Ukitaka kimya nenda makaburini." Aliwakataza kumtwangisha mtoto siku ya kwanza ya mwezi wake, akataka atembee kidogo uani, polepole, kisha alale kwa ubavu na magoti ameyakunja, asuguliwe kiuno kwa mawese ya vuguvugu. Msichana anayemwuliza kama maumivu yatakwisha kabisa alijibiwa papo hapo: "Mimi si Mungu. Nakufundisha kutoyakumbatia tu." Na binti aliyetoka damu siku nyingi kupita kiasi, au mwenye homa, hakumwekea jiwe kabisa. Alisema hilo si la jiwe, atafutwe mganga, na akakaa mlangoni mpaka mganga atafutwe.

Wasichana walimpenda. Walimwuliza, "Somo, mto huu uko wapi?" Alijibu, "Kwetu." "Mbona hatufiki majini?" Hapo aliinuka akajifanya anatafuta jiwe jingine. Kasongo haikosi watu wa kukumalizia habari yako, basi wakaimaliza: wengine walisema kuna mamba pale, wengine wakasema kuna shetani wa kike anayesuka nywele juu ya jiwe. Amisa peke yake, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, hakuyaamini hayo. Alikuwa ameusikia mkono wa Faida ukilikamata jiwe kwa nguvu kila walipofika kwenye matete.

Misafara ya kutoka Kabambare ilipoingia, Faida aliacha kila kazi akaenda kusimama penye wapagazi.

"Ndugu, unakujua kwetu, kijiji cha Kitete?"

"Kitete yupi, mama? Huko kila kijiji ni cha fulani. Fulani akifa kinaitwa cha mwingine. Wakikimbia, hakiitwi kitu."

"Kuna kijito kinaitwa Kalumbi."

"Akina Kalumbi mimi nawajua watatu, upande wa Lusangi peke yake."

Wakacheka, si kwa ubaya. Naye akacheka, akawapa maji, akarudi. Alifanya hivyo zaidi ya miaka kumi na tano. Kuna mpagazi mmoja mwaka fulani alimwambia labda, labda anajua mzee aliyejua Kitete, ngoja nikirudi nitakwambia. Faida alimngoja msimu mzima wa mpunga. Hakurudi.

Mchana, wengine wakijilaza, alijilaza naye bila jiwe wala chango, akaipita njia peke yake. Aliipita kwa hamu tu. Na siku moja alifika kwenye migomba akasimama: ulioinama ni wa tatu au wa nne? Alikaa kitako. Hakukuwa na mtu duniani wa kumwuliza. Kuanzia hapo alikuwa akiwapitisha wasichana njiani kwa uangalifu zaidi, asije akawafundisha kosa, na asije mwenyewe akalizoea.

Vita vikaja. Wazungu na askari wao waliuingia mji, nyumba zikaungua, Bwana Zuberi akakimbilia mashariki na bunduki zake na hakuonekana tena. Bi Mkubwa alikataa kukimbia, akabaki na chumba kimoja na kinu. Siku moja alimwita Faida akamwambia, "Mwanangu, siwezi kukushika tena. Nenda kwenu."

Nenda kwenu. Faida alitoka nje, akasimama njia panda asubuhi nzima. Alijua vizuri hatua mia tatu, kutoka mlango wa Nkambo mpaka kwenye matete. Lakini kati ya Kasongo na mlango ule kulikuwa na siku kumi za kutembea, na siku hizo alizipita akiwa mtoto, amefungwa shingoni, analia, hakuona kitu. Adhuhuri alirudi ndani akamtekea Bi Mkubwa maji ya kutawadha.

Mwaka wa pili baada ya vita akahamia mtaani mchuuzi wa chumvi, Assumani, ametoka upande wa Kabambare na mkewe. Hawajamaliza juma, mke wa Assumani akaja mchana mkali kumwita. Alisema wana binti wa mdogo wake Assumani, yatima wa mama, anaitwa Mangaza, ana miaka kumi na minne, chango limemkamata toka alfajiri.

"Mmempa kitu?"

"Anakataa vyote, Somo. Anataka jiwe. Sisi hatujui jiwe la nini."

Faida aliona si neno. Wasichana wa mtaa wamekwisha kumpasha habari, alidhani, maana wasichana hawana siri. Akachukua jiwe lake, akaenda.

Mangaza alikuwa amelala chumba cha nyuma, uso ukutani, magoti kifuani. Faida alimgeuza taratibu, akaliweka jiwe lililopashwa, akaweka mkono juu yake.

"Tunakwenda mtoni, mimi na wewe," alianza. "Tunatoka mlangoni."

Kabla hajasema neno la pili, vidole vya miguu vya msichana vilikwisha kulegea.

"Sasa tuko kwenye migomba."

"Minne," Mangaza alisema, macho yamefumba. "Wa tatu umeinama."

Faida alimwinamia. Yeye kwa wasichana wa Kasongo hakuwahi kutaja ni wa ngapi.

"Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Mama yako alipata kuja Kasongo?"

"Hapana. Hakukanyaga hapa hata siku moja."

Kuna watu hapo wangeruka, wangemtikisa mtoto wamwulize yote kwa mkupuo. Faida aliogopa. Alikuwa ameingoja habari hii zaidi ya miaka ishirini, na sasa ipo chini ya kiganja chake inapanda na kushuka, alitamani ikawie kidogo. Na mtoto alikuwa anaumwa. Akasema kama somo, "Usiseme sana. Pumua. Tunapita kichuguu, kina tundu ubavuni. Nyonga ziache."

Jiwe likapanda, likashuka.

"Tuko chini ya mkuyu."

"Makuyu yamedondoka," Mangaza akaendeleza kwa sauti ya usingizi. "Tunaokota mawili tu. Mengine tunaacha, yako ya mutu."

"Ya nani?"

"Ya mama mudogo. Siku ile walikuta maganda hapo chini, na alama ya meno yake. Nkambo alisema, muache makuyu, akirudi atapenda kula."

Faida alifungua mdomo wake mwenyewe kutoa pumzi, kama alivyowafundisha wengine, kwa sababu yake ilikuwa imeziba. Akamteremsha msichana mpaka kwenye matete. Huko akasimama kama siku zote.

"Hapa tunarudi," alisema.

"Hapana, Somo." Mangaza alikunja uso. "Hatujafika. Ukinirudisha hapa tumbo litabaki."

"Mbele sikujui. Nipitishe wewe."

Basi mgonjwa akampitisha somo wake. Wale waliozoea kumwona Somo Faida akiwafukuza akina mama mlangoni wangemwona siku ile, amekaa chini, kichwa kimeinama, anafuata.

"Tunasukuma matete kwa mikono miwili," Mangaza alisema. "Mabega tunayaachia. Hakuna mutu ndani, walikwisha kuondoka zamani. Sasa maji iko hapa. Kuna jiwe bapa, tunakaa. Kibuyu chake kiko juu ya jiwe, kimeoshwa tope, lakini mwenyewe hayuko. Tunamungoja. Mwenye tumbo anasema: Bilonda anachelewa. Anayemupitisha anajibu: Anakuja. Mara nyingi, mpaka tumbo linaachia."

Nje mke wa Assumani alikuwa akipepeta mchele. Faida alisikia kila punje.

"Huyo Bilonda," alisema mwishowe, "walimkasirikia?"

"Nani amukasirikie? Alikuwa mutoto. Watu walitaka kukaa matanga, Nkambo akakataa. Alisema mutu asiye na kaburi haliliwi. Huyu yuko njiani, anachelewa tu, si ndiyo tabia yake? Mama alisema watu walicheka, halafu walilia wote pamoja na Nkambo."

"Na mama yako? Ngoye?"

Mangaza alifumbua macho, akamtazama. Jina la mama yake yeye hakuwa amelitaja. Lakini mtoto aliyefiwa hujibu kwanza anachoulizwa.

"Alikufa na ndui, mwaka juzi. Tulimuzika kule, halafu tulihama, tukahama tena. Hata Kalumbi hakuna mutu anachota sasa, majani yameziba yote. Siku ya mwisho homa ilimukausha. Nilimupelekea maji, akanywa kidogo, akaniuliza, 'Bilonda amefika?' Nikamujibu, 'Anakuja, mama.' Nilimujibu hivyo tu, kwa sababu ndivyo tunavyojibu."

Kisha chango likamrudia kwa nguvu. Alifumba macho, akashika mkono wa Faida uliokuwa juu ya jiwe, akasema ameuma meno, "Bilonda anachelewa."

Faida alitaka kujibu. Jibu alilijua sasa, neno moja tu. Badala yake aliinuka, akaenda penye mtungi kwenye kona, akateka maji kwa kata, maji ya mchana ule, ya baridi, akarudi akapiga magoti, akamwinua msichana kichwa.

Mangaza alishtuka maji yalipomgusa midomo. "Kwetu hapa hatupewi maji, Somo. Toka zamani tunameza mate tu."

"Mlikuwa mnangoja yangu," alisema. "Kunywa, mwanangu. Bilonda ndiye mimi."

Msichana hakupiga kelele. Alimtazama sana, macho, mdomo, macho tena, kama mtu anayelinganisha na kitu alichoelezwa. Akashika kata kwa mikono miwili, akanywa. Alipofika nusu akaacha, akamrudishia.

"Hii nusu ni ya mama," alisema.

Faida aliibeba kata mpaka mlangoni. Alitembea polepole, tone lisimwagike, yeye aliyekuwa mzembe wa njiani. Akachuchumaa pale nje, akageukia upande wa Kabambare, akayamimina chini kidogo kidogo mpaka yakaisha. Mke wa Assumani aliacha kupepeta.

"Ngoye, dada yangu," alisema. "Nilikaa kula makuyu. Pokea maji yako, nimechelewa sana."

Akalia hapo mlangoni kwa sauti, bila kujificha, mpaka wapita njia wakasimama. Alikuwa bado analia mtoto alipoita kutoka ndani.

"Mama mudogo, jiwe limepoa."

Akajifuta uso kwa upindo wa nguo, akaingia kulipasha.